Kabla Hujapiga Rangi

Ukiona Datsun ya zamani kwenye televisheni, nambari kubwa mlangoni na matope hadi kwenye vioo, jua kwamba matope yale yametiwa kwa ndoo na brashi. Mara nyingine nimeyatia mimi. Mwongozaji huja na picha kwenye simu na kusema yakae hivi, yasifunike nambari, yasizibe taa. Halafu gari linasukumwa hadi penye mteremko kwa sababu stata haishiki, linaachiliwa, linawashwa kwa gia ya pili, na kamera inanasa sekunde chache za vumbi. Mtazamaji aliye nyumbani anaambiwa hilo ndilo gari la Safari Rally. Mimi niliyelala chini yake tangu asubuhi nimeona pale lilipokatwa na kuungwa.

Nina gereji hapa Eldoret, upande wa barabara ya Kisumu. Kinachonilisha ni Probox, pikapu za wakulima na matatu zinazotakiwa kurudi barabarani kabla ya jioni. Magari ya rali ya zamani huletwa kwangu kwa sababu fundi aliyenilea kazini aliwahi kufuata Safari akiwa kwenye gari la huduma, akiwatengenezea madereva waliojilipia wenyewe. Alinifundisha mambo ambayo vijana wa leo hawana haja nayo: kusawazisha kabureta mbili kwa sikio, kuchomelea chuma porini kwa betri za gari zilizounganishwa, kupapasa bati na kujua kama liliwahi kukunjwa. Hilo la mwisho ndilo ninalolitumia zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kinachonichosha ni kwamba kila gari la rali linapotayarishwa kwa ajili ya picha, sehemu ya historia yake inafutwa, na tunaoifuta ni sisi mafundi, kwa msasa na filla. Watu hudhani historia ya gari imehifadhiwa kwenye filamu, kwa hiyo bati unaweza kulifanya unavyotaka. Nimeshika mabati hayo miaka mingi. Filamu inakumbuka rangi na nambari. Mengine yote yako kwenye bati, na bati likishapigwa msasa halirudishi kitu.

Rali yenyewe ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye ikaitwa East African Safari, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, mpaka 1974 ilipobaki Kenya peke yake na kuitwa Safari Rally. Barabara hazikufungwa. Dereva aliyekimbizana na saa alikutana na lori la miwa, na ng'ombe, na watu wanaotoka kanisani. Urefu ulipita kilomita 5,000, nyingi zikiwa za murram na udongo mweusi ule unaoshika tairi na kuling'ang'ania. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Ndiyo maana magari ya Safari yalijengwa tofauti na ya rali za Ulaya: yalikuwa mazito zaidi, yameinuliwa, yamechomelewa kila mshono, na nyuma yana mahali pa kushika na kukanyaga ili msoma ramani aning'inie pale na kuyapa uzito matairi yanapozunguka bure kwenye tope. Sehemu hiyo ya nyuma ndiyo ya kwanza kuondolewa siku gari linapouzwa kwa mtu wa kawaida. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa sinema. Mwaka 1969 kampuni ya mwigizaji Yujiro Ishihara ilitoa filamu ya Kijapani ambayo nje ya Japani inajulikana kama Safari 5000. Aliiongoza Koreyoshi Kurahara, na Toshiro Mifune alikuwamo. Walikuja kupiga picha hapa Kenya, kwenye barabara zetu na vumbi letu. Shujaa wa sinema anaendesha Datsun Bluebird na anashinda Safari.

Mwaka ule sinema ilipotoka, Datsun ilikuwa haijawahi kushinda Safari kwa jumla. Ilikuwa imeshinda kwenye daraja lake la injini ndogo mwaka 1966, jambo kubwa kwa kampuni iliyokuwa ikitafuta soko, lakini kombe lenyewe lilikuwa la Peugeot, la Ford, la Volvo ya Joginder Singh. Ushindi wa kweli ulikuja Pasaka ya 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa kwenye Datsun 1600 SSS, yaani Bluebird ya umbo lile lile. Picha ilitangulia, barabara ikafuata. Mwaka uliofuata wawili hao walishinda tena, safari hii kwa 240Z, injini ya silinda 6 ya ujazo wa karibu lita mbili na nusu, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mehta, mzaliwa wa Kampala, alirudi 1973 na 240Z akalingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Kombe likaenda kwa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baada ya hapo alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun bado.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu mwenye gari anapokuja kwangu, mambo yote hayo yamekuwa kitu kimoja kichwani mwake. Sinema ya 1969, ushindi wa 1970, 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, Mehta na Joginder, yote yamekuwa gari moja, na gari hilo ni lake, limeegeshwa nyuma ya ghala la mahindi. Simlaumu. Alimkuta baba yake akilisimulia hivyo.

Lakini timu ya kiwanda haikuja na gari moja. Ilileta magari ya mashindano, na magari ya mazoezi yaliyopita njia zile zile wiki nyingi kabla, yakavunjwa na kuungwa na kuvunjwa tena. Sinema za magari nazo hutumia zaidi ya moja: la kuonyeshwa karibu, la kukimbizwa, la kugongwa. Rali ikiisha, gari lililoshinda lilirudishwa kwa wenyewe. Ile 240Z ya 1971 imehifadhiwa na Nissan huko Japani, kwa hiyo anayekuambia iko Kitale amekosea. Yaliyobaki huku ni ya mazoezi, ya madereva wa hapa waliojinunulia, na vipande. Hayo yaliuzwa, yakabeba maziwa kupeleka kiwanda cha KCC, yakafundishia watoto wa wakulima kuendesha, yakageuzwa teksi. Nambari za usajili nazo zilihama. Mwili ukiharibika, bamba lilitolewa likafungwa kwenye mwili mwingine ili rali iendelee. Bamba la zamani, lile la kabla ya 1989 lisilo na herufi mwishoni, halinithibitishii chochote. Logibuku hainithibitishii chochote. Nimeona logibuku ikinunuliwa peke yake, gari likatafutwa baadaye.

Mimi naanzia kwenye fayawoli, ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Datsun 1600 ya usukani wa kulia imepigwa muhuri unaoanza na P510. Ukiona PL510, gari hilo lilitengenezwa kwa usukani wa kushoto na mtu amelihamisha. Kwenye 240Z ya usukani wa kulia ni HS30. Natazama herufi zenyewe, kina chake, na kama bati linalozizunguka lina mikwaruzo ya grainda. Kisha injini. SSS ilitoka na L16, yenye sentimita za ujazo 1,595. Nyingi zimewekewa L18 kutoka kwenye Datsun 180B, na kwa nje injini hizo mbili zinafanana kabisa mpaka ufute grisi pembeni mwa bloku na kusoma. Mwenye gari haambiwi hilo na aliyemuuzia.

Halafu nafuata mishono. Kiwandani mabati huunganishwa kwa madoa ya kuchomelea, doa hapa, nafasi, doa pale. Gari la rali hupitiwa tena, mshono wote au sehemu kubwa ya mshono ikajazwa, hasa kuzunguka minara ya springi za mbele. Chini nasaka mabano ya ngao ya sampo. Kwenye sakafu ya abiria natafuta sahani ya chuma ya kuegemezea miguu, maana msoma ramani alirushwa kama mzigo kwa saa 10 bila kulala. Nyuma ya dashibodi natafuta kiunganishi cha kebo ya spidi, pale saa ya Halda, ya kumpimia msoma ramani umbali, ilipovuta mwendo wake. Kwenye buti kuna alama za kufunga tairi la akiba la pili. Na kwenye fenda na mkia wa gari, matundu yaliyozibwa: ya taa ndogo za juu, ya taa za spoti, ya vishikio vya msoma ramani. Tundu lililozibwa kwa shaba miaka ya sabini halifanani na lililozibwa kwa filla juzi. Ukipitisha sumaku polepole, filla inaiachia.

Vitu hivi vyote viko chini ya rangi, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye picha.

Gari lililonifanya niandike lilikuwa kwenye shamba upande wa Moiben. Kijana wa nyumba hiyo alinipigia akasema, "Fundi, hii ndiyo ile ya sinema. Baba alisema kabla hajafa." Nikapanda huko. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Datsun 1600, rangi imekuwa ya kutu na kijani, kioo cha mbele kimepasuka, tairi zote zimelala. Nilifungua boneti kwa bisibisi. Muhuri ulikuwapo, P510, safi, haujaguswa. Minara ya springi ilikuwa imechomelewa mshono mzima kwa mkono wa mtu aliyejua kazi, mistari imelala sawasawa, hakuna palipoungua. Kiunganishi cha Halda kilikuwapo bado, kimeshikwa na waya. Sahani ya miguu ilikuwapo, imelika katikati ambapo visigino vilikaa.

Nikalala chini na tochi. Mishono ya rali ilifika chini ya viti vya mbele ikakatika. Hapo palikuwa na ukanda wa bati uliopita kutoka upande hadi upande, umechomelewa kwa gesi, na baada ya ukanda huo ni madoa ya kiwandani tu. Hakuna tundu la kishikio nyuma, hakuna mabano ya tairi la pili. Nyuma ilikuwa ya gari la kawaida.

Mama wa nyumba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akinitazama. Nilipotoka chini ya gari nikamwuliza, "Mama, hili liliwahi kugongwa kwa nyuma?" Akajibu bila kusita. "Lori, Burnt Forest. Ukungu ulikuwa mwingi. Mzee alilinunua Nairobi kwa watu wa rali, likiwa na matundu matundu, hata mwaka haukwisha likagongwa. Akapeleka Nakuru wakamtafutia nyuma nyingine." Kwa maneno machache mama huyo alinipa historia ambayo hakuna filamu inayoweza kuitoa, na ikalingana na bati kila mahali. Kijana alinyamaza. Alikuwa amepata mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka gari la sinema, zima, na picha za kuthibitisha.

Nilimwambia ana nusu ya gari la kweli la Safari, na kwamba nusu hiyo inahitaji kulindwa. Nilichomwomba ni kwamba kabla ya mtu yeyote kuligusa kwa msasa, tupige picha za muhuri, mishono, ukanda wa chini, na kila tundu, na maneno ya mama yaandikwe akiwa hai. Akakubali. Tukaleta gari gereji kwa lori.

Kabla hatujafika mbali wakaja watu wa filamu. Walikuwa wanatengeneza kipindi kuhusu rali za zamani na walitaka gari linalotembea. Kodi waliyotaja ilikuwa nzuri kuliko mavuno ya mahindi ya mwaka huo, na kijana akalikodisha. Wakaja na fundi wao wa rangi kutoka mjini kwingine. Ndani ya siku mbili matundu ya fenda yalikuwa yamejazwa, bati limenyooshwa, gari limepakwa nyekundu na boneti nyeusi, kama 240Z ya 1971. Mlangoni wakabandika nambari waliyoipenda. Nilipoingia asubuhi ya tatu fenda ya kushoto, iliyokuwa na matundu yaliyozibwa kwa shaba, ilikuwa laini kabisa. Yule fundi wa rangi alifanya alichoagizwa, na alikifanya vizuri. Fayawoli ilisalimika, kwa sababu boneti ilikuwa imefungwa.

Tukaenda nalo Bonde la Kerio, kupitia Iten na Tambach. Hapa ndipo mtu wa nje asipoelewa. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta za SSS unazirekebisha kwa hewa hiyo, unapunguza petroli kwa nati iliyo chini ya jeti mpaka injini ingurume bila moshi. Ukiteremka Tambach unaingia kwenye hewa nzito na joto. Petroli ile ile sasa ni kidogo mno kwa hewa hiyo. Injini inakohoa kwenye kabureta, inapata moto kupita kiasi, sindano ya redieta inapanda. Nilitaka nusu saa ya kufungua nati na kujaribu. Nikaambiwa jua linapotea.

Wakalipandisha mteremko ule ule tena na tena, wakitaka vumbi liwe jingi zaidi. Kila walipolisimamisha lilichemsha. Niliimwagia redieta maji kwa kitambaa, nikasubiri, nikaliwasha kwa kusukumwa. Mara ya mwisho dereva wao alikanyaga klachi na kuiachia ghafla gari likiwa limekunja tairi za mbele, na hafshafti ya kulia, mhimili unaozungusha tairi la nyuma, ikakatika. Hafshafti za Datsun hii zina meno yanayoteleza juu ya gololi. Grisi ikikauka hukwama, na ukizilazimisha hupasuka. Madereva wa enzi zile walilijua hilo, nao mafundi wa huduma walizifungua na kuzipaka kila walipopata nafasi. Mlio ulisikika hadi kule walikosimama wenye kamera. Walikuwa wameshapata walichotaka, wakafunga vyombo vyao.

Kipindi kilipoonyeshwa niliketi na familia nikatazama. Gari letu lilikuwamo, linang'aa, linapita. Msimulizi akasema ni gari la miaka ya mwanzo ya sabini, na hapo hakukosea sana. Lakini mlio tuliousikia ulikuwa wa injini ya silinda 6, na Datsun ile ina silinda 4. Walikuwa wamechukua sauti ya gari jingine wakaiweka. Kijana hakugundua. Mama aligundua. Alisema, "Hilo si lile. La mzee lililia chini zaidi."

Wengi watauliza hafshafti moja ni kazi gani. Nimetembea Kirinyaga Road Nairobi duka kwa duka. Unaonyeshwa za Datsun nyingine, ambazo haziingii. Unaonyeshwa mpya zilizoagizwa kwa bei ya kununua pikapu. Bushi za raba naweza kuchongesha kwa fundi wa lathe, na zinakaa. Siti za vali za shaba za hedi za zamani zimekuwa zikiliwa tangu petroli ya risasi ilipoondolewa Kenya mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo tunazitoa na kuweka za chuma. Kazi hiyo naiamini. Lakini hafshafti, na vioo, na taa za asili, hivyo vinatoka kwenye gari jingine lililokufa, na magari yaliyokufa yanakwenda kwa watu wa vyuma chakavu, wanaonunua kwa kilo.

Hilo ndilo jambo jingine lisiloonekana. Mnunuzi wa chakavu akifika kwenye boma anapima mwili wa gari la rali na jiko la zamani kwa mizani ile ile. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chakavu Januari 2022, kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na nguzo za umeme, marufuku hiyo ilidumu miezi michache. Kwangu ilikuwa nafuu. Miili miwili niliyokuwa nimeiona upande wa Ziwa na kushindwa kuafikiana bei ilibaki palepale, nikaweza kurudi na kuzungumza na wenyewe. Biashara ilipofunguliwa, mmoja uliondoka kabla sijafika. Nilikuta alama ya mstatili kwenye nyasi.

Wako pia wanaonunua kwa heshima. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, rali ya magari ya zamani, na imefufua thamani ya vyuma hivi. Kuna Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza 1970, ambako waamuzi hufungua boneti na kuinama. Kwa watu hao matundu ya shaba yana maana. Lakini gari likiuzwa ng'ambo, limekwenda. Kanuni zetu za uagizaji hazikubali gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingia kwa matumizi ya kawaida. Yale ya mashindano huja kwa kibali cha muda na kuondoka. Gari lililoishi Moiben miaka 40 likivuka bandari ya Mombasa, mjukuu wa mwenyewe hawezi kulirudisha hivi hivi.

Vijana wangu gereji sasa wana utaratibu. Gari la zamani likiingia hakuna anayeshika maji wala grainda kabla ya picha. Tope la zamani lililo ndani ya mabano tunalitoa kwa brashi ya meno, maana humo mmewahi kukutwa ribiti za asili na vipande vya rangi ya kwanza. Kila kipande kinachotolewa kinaandikwa kwa chaki na kuwekwa kwenye kreti la gari hilo, hata kama kimeoza. Mwenye gari akitaka rangi mpya, tunaacha fayawoli, chini, na ndani ya buti kama vilivyo. Wengine wanakasirika, wanasema wanalipia kazi nusu. Nawaonyesha picha za fenda ya kushoto ya Datsun ya Moiben, kabla na baada.

Fenda hiyo nimeanza kuifungua tena. Filla inatoka kwa joto na kisu cha putti, sentimita kwa sentimita, bila grainda. Matundu mawili ya nyuma nimeyafikia na shaba yake iko. Lile la mbele fundi wa rangi alilikata likawa pana zaidi, limepotea. Hafshafti nimeipata Nakuru, kwenye Datsun iliyokuwa banda la sungura. Meno yake upande mmoja yamelika lakini yanaweza kujazwa na kuchongwa upya. Waandaaji wengine wamepiga simu, wanataka gari kabla mvua ya mwezi wa nne haijaanza. Kijana aliniuliza tuseme nini, nikamwambia bei ni ile ile, rangi haiguswi, kabureta zirekebishwe chini huko bondeni kabla ya kamera kuwashwa, na boneti ifunguliwe wakapige picha ya muhuri na mishono, na ule ukanda wa Nakuru pia. Sauti wairekodi hapa gereji, ya injini yenyewe, mama akiwapo.